Goti bandia: Kwa nini mama asinyoe mguu?

SWALI: Mama yetu ana miaka 68 na ana kisukari. Amepangiwa kuwekewa goti bandia mwezi ujao, lakini ameambiwa kwanza sukari ishuke, jino bovu ling'olewe, na asithubutu kunyoa mguu. Jirani aliyebadilishiwa nyonga anasema alichomwa sindano za antibayotiki siku moja tu, akarudi nyumbani bila hata kidonge. Je, hospitali inabana dawa? Tununue za kwetu aanze mapema? – Binti yake, Morogoro

JIBU: Msinunue, na jirani hakupunjwa. Bakteria akiangukia nyama, damu humletea askari wa mwili papo hapo. Chuma na plastiki havina mshipa hata mmoja. Bakteria akivifikia hung'ang'ania, huzaliana, kisha hujifunika utando wa ute ambao dawa huupenya kwa shida sana. Kwa hiyo vidonge vya wiki nzima baada ya upasuaji huwa vinakimbiza basi lililokwisha kuondoka. Vya kabla navyo huua bakteria dhaifu, wale sugu wakabaki wametanda kwenye ngozi.

Kinachomlinda mgonjwa ni saa ya sindano. Kwa kawaida ni antibayotiki iitwayo sefazolini, gramu 2 kwenye mshipa, au gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na zaidi, ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Kwenye goti kuna mtego: madaktari wengi hufunga paja mkanda wa kuzuia damu. Mkanda ukishajazwa upepo, dawa itakayochomwa baada ya hapo haifiki gotini, hata iwe nyingi namna gani. Ndiyo maana dozi nzima iwe imeingia kabla. Upasuaji ukichukua zaidi ya saa 4, au damu ikimwagika nyingi, huchomwa nyingine. Anayepewa vankomaisini, antibayotiki nyingine, huanzishiwa mapema zaidi, hadi saa 2 kabla, kwa sababu dripu yake hupitishwa polepole. Baada ya saa 24 dawa husimamishwa. Kuendelea hakuongezi kinga.

Sasa wembe. Hata mpya kabisa huacha mikwaruzo isiyoonekana, na usiku mmoja unatosha bakteria kustawi humo. Nywele zikizuia kazi, hospitali itazipunguza kwa mashine siku hiyohiyo. Mama aoge mwili mzima kwa sabuni usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake, asijipake mafuta. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, watampaka klorheksidini, dawa ya kuua bakteria wa ngozi, yenye alkoholi na kuiacha ikauke yenyewe, dakika 3 hivi. Kuifuta kwa haraka ni kuikatisha kazi. Kuanza ikiwa mbichi ni hatari, maana alkoholi inaweza kushika moto kutokana na kifaa cha umeme cha kuzuia damu.

Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, huzubaa. Vituo vingi hutaka kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, kisizidi asilimia 7.5 au 8. Jino lenye usaha humwaga bakteria kwenye damu, nayo damu huzunguka goti lote. Kuna jambo hamkulitaja: kama mama alichomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) gotini ndani ya miezi 3 iliyopita, mwambieni daktari. Huenda akasogeza tarehe.

SWALI: Hospitali yetu haina ile mitambo ya hewa safi ya thieta. Nihamie kwingine? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kwa sababu hiyo pekee. Hewa hiyo ilipata sifa kwa John Charnley, bingwa wa nyonga bandia kule Wrightington, Uingereza. Katika miaka ya 1960 alishusha maambukizi kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya 1, lakini alibadilisha pia mavazi, glavu na ushonaji. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mitambo hiyo isitumike kwa lengo la kupunguza maambukizi ya viungo bandia. Sisi tungeuliza kuhusu mlango: unafunguliwa mara ngapi, na watu wangapi wamo ndani? Kila anayeingia huleta vumbi la ngozi yake. Uliza pia kama wanavaa glavu mbili kila mkono, moja juu ya nyingine, na kubadili ya juu kabla ya kushika kiungo bandia.

SWALI: Leo siku ya nane tangu niwekewe goti. Bandeji inalowa majimaji mepesi, homa sina. Duka la dawa wamenipa amoksilini. – Msomaji, Arusha

JIBU: Usiimeze. Rudi leo kwa aliyekupasua. Kidonda cha goti kinatakiwa kiwe kikavu siku ya 5 hadi ya 7. Kinachotoka nje kina njia ya kuingilia pia. Amoksilini huwaficha bakteria, kipimo cha maji ya goti kikaja safi kumbe sivyo. Ukiwahi, daktari anaweza kufungua, kuosha kwa lita kadhaa za maji, kubadili kipande cha plastiki na kuacha chuma. Utando ukishakomaa, mara nyingi chuma chote hutolewa, unawekewa kwa muda saruji ya mfupa yenye antibayotiki, kisha goti jingine miezi kadhaa baadaye. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa, na bandeji usiibadilishe njiani: daktari atataka kuona imelowa kiasi gani.