Kila mtu ana kisiwa chake kichwani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 9 na kitindamimba wa miaka 3. Mwaka jana tulikwenda likizo mahali penye muziki hadi alfajiri. Tulirudi tumechoka kuliko tulivyoondoka, na mimi na mume wangu tukanuniana wiki nzima. Safari hii, mwezi wa Agosti, tumekubaliana kutafuta kisiwa kitulivu. Mume wangu ameng'ang'ania picha ya nyumba zilizojengwa juu ya maji huko Maldivi. Binti anasema pasipo na mtandao haendi. Mvulana anataka kuogelea kutwa. Tunakwenda pia na mama mkwe, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Yeye anasema anataka tu kutia miguu baharini. Kuchagua nimeachiwa mimi, na najua mambo yakiharibika lawama zote zangu. Nifanyeje?*
*Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta mtu mmoja ndani yake. Umenieleza anachotaka baba watoto, anachotaka binti, anachotaka mvulana, hata mama mkwe aliyeomba kidogo kuliko wote. Wewe hukujitaja. Hilo nitalirudia.

Tuanze na ile picha. Nyumba za juu ya maji zinapendeza, sibishi. Lakini ziangalie ukiwa na mtoto wa miaka 3: mlango, kibaraza, ngazi chache, kisha bahari. Hapo hutalala. Utakuwa unasikiliza kitasa usiku kucha, na ziko hoteli ambazo hazikubali watoto wadogo kwenye nyumba hizo kwa sababu hiyohiyo. Vyumba vya nchi kavu vipo, ila Agosti kule ni msimu wa pepo za kusini-magharibi, unaoleta mvua na mawimbi. Tena ndege ndogo za kutua majini, zinazopeleka wageni visiwa vya mbali, huruka mchana tu. Mkifika uwanja mkuu jioni, mtalala hapo jirani msubiri kukuche, mtoto analia, bibi miguu imevimba. Halafu hoteli nyingi za kule kila moja ina kisiwa chake peke yake. Kwa maharusi hiyo ni raha. Binti wa miaka 14 akikizunguka mara mbili amekimaliza.

Mweleze mumeo haya kwa upole. Anayoitaka kwenye ile picha, nadhani, ni ile hali ya kutoona mtu mwingine kuanzia asubuhi, baada ya mateso ya mwaka jana. Hilo linapatikana kwingine bila ngazi za kuingia baharini.

Wanaotafuta utulivu wengi hufungua ramani na kutafuta kidoa kilicho mbali kuliko vyote. Mimi huanza na mdogo na mkubwa wa msafara, kisha nahesabu: watapanda na kushuka chombo mara ngapi hadi wafike kitandani? Kwa magoti ya mama mkwe na usingizi wa kitindamimba, ndege kubwa, ndege ndogo na gari vinatosha. Ukiongeza boti, uliza kama kuna gati. Viko visiwa ambavyo boti husimama majini na abiria wakashuka mawimbi yakiwapiga mapajani. Kijana hucheka, mtu wa miaka 71 anaweza kuanguka.

Jambo la pili ni bahari yenyewe, na hapa nina uchungu wangu. Niliwahi kuwapeleka wanangu Jambiani, mashariki ya Unguja, bila kuuliza habari za maji. Asubuhi bahari ilikuwa mlangoni. Kufika saa sita mchana ilikuwa mstari mweupe kule kwenye mwamba, na mbele yetu mchanga wenye madimbwi, mwani, na vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu. Mwanangu alisimama na boya lake kiunoni akaniuliza, "Mama, bahari wameipeleka wapi?" Hakuna aliyetudanganya. Pwani ile hupwa namna hiyo, na siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa karibu mita 4. Ni mahali pazuri mno kwa mwenye kupenda kutembea juu ya mchanga. Kwa mtoto anayetaka kuogelea kutwa, angalia kwanza ratiba ya maji kupwa na kujaa ya wiki ile mnayokwenda.

Mwezi nao una neno lake. Agosti ni katikati ya msimu wa vimbunga kwenye visiwa vya Karibi, unaoanza Juni hadi Novemba, kwa hiyo huko ningepaacha. Kusini mwa Bahari ya Hindi vimbunga huja Novemba hadi Aprili, basi Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya utawala wa Morisi, kingefaa Agosti. Ni kitulivu kwelikweli, na maji yake ya kina kifupi ndani ya mwamba wa matumbawe yana eneo kubwa kuliko kisiwa chenyewe. Ila upepo wa miezi hiyo ni mkali na maji yana ubaridi. Bibi atabaki na shali.

Ungekuwa binti yangu wa kuzaa, ningekwambia nendeni Praslin, Shelisheli. Visiwa hivyo viko karibu na ikweta, ambako vimbunga ni nadra kupita. Kutoka Mahé, kisiwa kikuu, kuna boti iendayo kasi, lakini msimu wa kusi, upepo wa kusini wa miezi hiyo, bahari ile huchafuka na kulevya watu. Kuna ndege ndogo ya kama robo saa, mpandisheni bibi hiyo. Tafuteni nyumba upande wa Anse Volbert, kaskazini-mashariki. Kusi linapovuma upande huo hukingwa, mchanga ni mrefu, na maji yanaanza kina kidogo kidogo. Mvulana mpelekeni msitu wa Vallée de Mai akaone coco de mer, mti wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Kisiwa jirani, La Digue, kiko umbali wa kama robo saa kwa boti. Binti akodi baiskeli huko, maana magari ni machache, lakini asiogelee Grande Anse ya kisiwa kile: mikondo yake huvuta watu kuelekea bahari kuu, hasa msimu huo wa kusi. Na mtandao asinyimwe. Mpe saa yake ya jioni azungumze na wenzake, utaona mchana mzima atakuwa nanyi.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kama kuna ujenzi jirani, daktari yuko umbali gani, na chumba cha bibi kina ngazi ngapi.

Sasa wewe. Umesema mtapika wenyewe? Hukusema, lakini nawajua akina mama wa watatu. Mtu hupanga nyumba yenye jiko kisiwani, akaenda kuosha sufuria zilezile mbele ya bahari nzuri zaidi. Kisha anarudi amechoka na hajui kwa nini amekasirika. Jioni ya leo, watoto wakilala, mwambie mumeo kwamba asubuhi 2 za kila wiki ya likizo ni zako, yeye ndiye atakayekuwa na kitindamimba majini, hatua moja kutoka kwake, hata kama maji yanafika magotini tu. Chakula cha jioni mkale nje au apike yeye na binti. Na kuchagua kusiwe kwako peke yako: wekeni majina mawili mezani, kila mmoja aseme lake, mumeo ndiye alipe tiketi.

Mkirudi niandikie. Nataka kujua bibi alikaa majini muda gani.

Shangazi yako