Re: Saksafoni ya mwanafunzi, mpya isiyo na jina au Yamaha ya mtumba?

Salaam dada. Nimekuelewa: kijana anaanza saksafoni ya alto, na bei ya ile mpya ya mtandaoni inakaribiana na Yamaha YAS-275 iliyotumika hapo Tanga. Mimi ningechukua Yamaha, ila usitoe hela kabla ya kuikagua.

Anza na pedi, yale maduara ya ngozi yanayoziba matundu. Ingia chumba chenye giza, tumbukiza taa ndogo ndani ya bomba, funga vifunguo taratibu bila kukandamiza. Mwanga ukipenya pembeni ya pedi, na hewa inapenya. Moja mbili si neno. Zikiwa nyingi umenunua na gharama za fundi juu yake, na fundi wa saksafoni huku Pwani si fundi baiskeli, humpati kila kona. Kisha mpigaji apulize noti za chini mpaka B-flati, ile ya chini kabisa, kwa sauti ndogo. Zikigoma, kuna mahali panavuja.

Tazama na shingo, kile kibomba cha juu kinachoshika mdomo wa kupulizia, isiwe imeharibika kwa kupindishwa. Springi nazo, maana chumvi ya bahari haizionei huruma. Zenye kutu hukatika. Rangi kuchubuka achana nayo.

Hizo mpya za bei chee nimezishika hapa Bagamoyo: vyuma laini, vifunguo vinapinda upesi, na vipuri vyake ni mtihani.

Mdomo wa kupulizia wa zamani usihangaike nao, mnunulie mpya, Yamaha 4C, na ridi (kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo) namba 2. Ukikwama kwenye ukaguzi, njooni TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, muulizie wapiga saksafoni.