Maswali yenu ya magobore: baruti nyeusi au mbadala?

Shikamoo mzee. Nimenunua gobore la gumegume hapa Ohio. Nikitia Pyrodex, ile baruti ya mbadala, halilii, cheche zinaruka tu. Jiwe limekwisha?

Marahaba. Jiwe lako zima. Pyrodex ni ngumu kushika moto, imekusudiwa bunduki za fataki, zinazowashwa kwa kikofia chenye kilipuzi badala ya jiwe. Gumegume linataka baruti nyeusi halisi: FFFFg (F zikizidi, chembe ni ndogo zaidi) kidogo kwenye kisahani cha cheche, na mtutuni FFFg, au FFg kuanzia kaliba ya .50.

Mbona maduka mengi hayana baruti nyeusi?

Sheria ya Marekani inaihesabu kuwa kilipuzi, na wenye maduka wanakimbia masharti ya kuihifadhi. Wewe mpigaji wa bunduki za kale unaruhusiwa hadi pauni 50 bila kibali cha serikali kuu. Sheria ya jimbo lako isome mwenyewe, kisha agiza.

Naweza kuitengeneza nyumbani?

Hapana. Vinu vya baruti vya kampuni ya du Pont kule Delaware vililipuka mara nyingi, na wale walikuwa mafundi.

Badala ya greni 60 (greni ni kipimo kidogo cha baruti) za baruti nyeusi, nipime gramu ngapi za Triple Seven, mbadala mwingine, kwenye mizani?

Mizani irudishe kabatini. Mbadala hupimwa kwa ujazo, kwa kile kikopo cha shaba chenye mistari. Ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo ukifuata uzito utajaza kupita kiasi. Tena Triple Seven ina nguvu zaidi: punguza asilimia 15, jaza hadi mstari wa 50 hivi. Na usimimine mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti au kopo. Kaa la mlio uliopita likiwa hai mle ndani, moto utapanda hadi mkononi mwako.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi, kidogo tu, je?

Naulizwa hili kila mara, na kila mara najibu hapana. Hata robo, hata ya kuchanganya. Nimeshika mtutu wa aliyejaribu "kidogo tu": chuma kimefunguka kama ganda la ndizi, na mwenyewe amebaki na vidole vitatu mkono wa kushoto. Na "nyeusi" ni jina, si rangi. Baruti nyingi za kisasa ni nyeusi machoni. Soma kopo, na kopo lisilo na karatasi limwage.

Ni kweli ukitumia mbadala unaweza kusafisha hata kesho?

Nani kakudanganya? Pyrodex inakula chuma vilevile. Maji ya moto, sabuni, kausha, mafuta, jioni ileile. Triple Seven haina salfa, lakini huacha pete ngumu pale risasi inapokaa. Pitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya mlio, la sivyo risasi inayofuata itakwama kabla ya kuifikia baruti, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Risasi ikiwa imekaa juu ya baruti, chora alama kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Alama isiposhuka hadi mdomo wa mtutu, usifyatue.