Unataka kulea mbwa msaidizi nyumbani? Soma hii kwanza

Tangu nirushe picha ya Bruno kalala chini ya kiti wakati nasukwa saluni, watu wananiuliza nimemfundisha nini huyo mbwa hadi katulia vile. Jibu langu huwa haliwafurahishi: nimemfundisha kukaa bila kufanya kitu, basi. Mambo ya kuokota funguo, kuvuta mlango kwa kamba, kumletea mtu simu iliyodondoka, hayo atafundishwa na mwalimu wa mbwa akishakua, halafu ataenda kwa binamu yangu anayetumia kiti cha magurudumu. Mimi mlezi tu.

Kazi hii niliianza nikiwa Uingereza kimasomo, familia niliyokaa nayo walikuwa wanajitolea na mimi nikaingia humo humo. Kule utaratibu umenyooka, shirika linakuletea mtoto wa mbwa akiwa na wiki 8 hivi, mara nyingi Labrador au Golden Retriever au mchanganyiko wao, chakula wanatoa wao, daktari wanalipa wao, kuna mtu anakuja kuangalia unavyomlea, na akifika mwaka na kidogo wanamchukua kwenda shule. Hapa Tabata, Dar, kila kitu mfukoni kwako, kwahiyo piga hesabu kabla hujaona hako kasura.

Ndugu zangu wanasema haya mambo ya wazungu. Ni ya wazungu kweli, ila yalianzia kwenye shida, shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza wasioona ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Starehe gani hapo.

Ugumu wa hapa mjini ni jinsi tulivyozoea mbwa. Kwetu mbwa ni wa ulinzi, mchana kafungiwa bandani, usiku anafunguliwa, na akimbwekea kila mtu tunamsifia kwamba ni mkali. Mbwa msaidizi anatakiwa aone kila kitu halafu asijali. Baba mwenye nyumba alinicheka kabisa, eti mbwa gani huyu, mwizi akija si atamkaribisha chai. Kama unataka akulindie geti na hapo hapo aje kuwa msaidizi, chagua moja mapema, maana vyote viwili hupati.

Na muda wenyewe mfupi. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 hivi ndo mtoto wa mbwa anajifunza kipi cha kawaida na kipi cha kuogopa, na ndo kipindi hicho hicho chanjo zake hazijakamilika, na parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha watoto wa mbwa, inaua kweli kweli, na mtaani mbwa koko wamejaa. Dawa yake ni kumbeba. Bruno nilikuwa namfunga kwenye kitenge namzungusha mtaani, anaona bajaji, anasikia adhana, mashine ya kusaga, makonda wanaita abiria, spika za sherehe, ila miguu haigusi chini. Watakucheka, waache wacheke. Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa kuanzia miezi 3, ratiba nyingine na dawa za minyoo akupangie daktari wa mifugo. Na kupe usiwadharau, wa Dar hawana likizo.

Akishamaliza chanjo sasa ndo raha inaanza. Mimi napenda zoezi la gengeni. Natandika kiroba pembeni ya genge la mama muuza nyanya, Bruno anakaa juu yake, mimi nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mfukoni nina dagaa. Kuku akipita anamkodolea macho, masikio juu, mwili umekakamaa, mimi sisemi kitu wala sivuti kamba, nasubiri tu, mara anageuza kichwa kuniangalia, hapo hapo dagaa mmoja. Boda ikiwashwa, akiniangalia, dagaa. Mwanzoni dakika chache zinatosha, ukiona anapiga miayo na kulamba lamba midomo ujue imemzidi, rudini nyumbani. Dagaa wawe wasio na chumvi.

Majirani ni somo lingine kabisa. Mtaani kwetu wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi, akikulamba ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kwahiyo usimletee mtu mbwa wako mwilini halafu uanze kusema hang'ati huyu. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba kabla Bruno hajaja, nikaeleza ni wa nani na wa kazi gani, nikaomba waniambie kama kuna sehemu wasingependa apite. Bahati nzuri sheria ya malezi haya ni hiyo hiyo, mbwa asirukie watu na asisalimie kila mtu, kwahiyo adabu ya mtaani na adabu ya kazi zimekutana. Watoto ndo walinisumbua, walishazoea kurusha mawe na kupiga kelele "shika shika", nikawapa kazi ya kupita karibu na Bruno kimya kimya bila kumgusa, sasa wao ndo wanawafokea wenzao.

Jua. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami, kama huvumilii sekunde 7 hivi usimpitishe. Sisi tunatoka asubuhi mapema au baada ya saa 11 jioni.

Kuhusu kuachana naye, inauma, sitakudanganya, yule wa Uingereza siku wamekuja kumchukua nililia mpaka dereva akaniletea tishu. Halafu wengine hawafuzu, huyu anaogopa kelele, yule nyonga zina shida, mwingine paka akipita akili yote imehama. Kule wanatafutiwa kazi nyingine au familia ya kuwafuga. Huku hilo lazima mlimalize wenyewe mapema, mimi na binamu tumekubaliana Bruno asipofaa anabaki kwangu, na hakuna atakayemlaumu mwenzie.

Na kama Desemba huwa mnaenda kijijini familia nzima, panga sasa hivi nani atabaki na mbwa. Dada wa kazi usimbebeshe tu, muulize kwanza kama anaogopa mbwa, na akikubali mlipe kwa hiyo kazi pembeni ya mshahara wake.