Diddy Kong Racing: ya Nintendo 64 au ya DS?

Ndugu, umeuliza kuhusu Diddy Kong Racing, mchezo wa video wa mbio: uanze na ipi kati ya ile ya Nintendo 64 (mashine ya kuunganisha na TV) ya mwaka 1997 na ile ya DS (mashine ya mkononi) iliyotoka 2007, na kama ukicheza ya DS pekee utakuwa umekosa kitu. Utakosa. Ikiwa mashine ya zamani unaipata, anza na hiyo.

Viungo ni vilevile: gari, ndege na hovakrafti, kisiwa cha kuzunguka ukitafuta maputo ya dhahabu, na yule nguruwe mchawi Wizpig. Utamu wa ile ya kwanza uko kwenye uendeshaji. Ukikaribia alama ya kuongeza kasi, achia kitufe cha mafuta kabla hujaigusa, kisha bonyeza tena msukumo ukiisha; utamwacha mbali aliyeng'ang'ania kitufe muda wote. Utaihitaji mbinu hii kwenye mbio za sarafu 8 za fedha, maana lazima uziokote zote na bado umalize wa kwanza. Hapo ndipo watu hutupa pedi.

Ya DS imeleta kalamu na maikrofoni: kabla ya kuondoka unasugua skrini au kupuliza ili upate kasi. Kwangu ni usumbufu mtupu, hasa ukiwa kwenye basi. Madereva Banjo na Conker wa ile ya kwanza hawamo. Wameingia Dixie na Tiny Kong. Ila mkikutana hadi watu 8, kila mtu na mashine yake, hakuna kugawana skrini. Ya mtandaoni isahau, Nintendo ilizima huduma hiyo 2014.