Acha nafasi nyuma ya jicho: kwa wewe unayeanza kufunga flai

Siku yangu ya tatu karakanani, Shosho aliyekuwa akikagua kazi yetu aliokota flai moja kati ya zile nilizokuwa nikijivunia, akanipa kipande cha nailoni ya kuvulia, akasema, "Haya, pitisha." Nikahangaika. Jicho la ndoana lilikuwa limezibwa na uzi, vanishi na unyoya mmoja uliojikunja humo ndani. Akaniangalia tu. "Sasa mzungu wa watu amesimama mtoni, maji yamefika magotini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Yeye ataweza?" Dazeni yote ikarudi kwangu, na kwa kuwa tulilipwa kwa dazeni, siku hiyo nilitoka Kawangware hadi Kangemi kwa miguu.

Kwa asiyejua, flai ni ndoana iliyovikwa uzi, sufu na manyoya hadi ikafanana na mdudu wa majini au kisamaki kidogo. Nairobi zimefungwa miaka mingi na nyingi huenda Ulaya na Marekani, ndiyo maana utakuta mtu amefunga maelfu na hajawahi kumwona trauti, samaki anayevuliwa kwa flai hizi, akiwa hai. Trauti mwenyewe hapa ni mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan alimleta kutoka Loch Leven, Skotlandi, akatiwa Mto Gura kule Nyandarua. Ndiye Grogan yuleyule ambaye mafundi wa magari wa Barabara ya Kirinyaga mpaka leo wanaita mahali pao Grogon.

Tuje kwenye vifaa. Unahitaji vaisi ya kushikia ndoana, mkasi mdogo wenye ncha kali, bobini ya kushikia uzi, sindano, wembe, na chupa ya rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo ndiyo vanishi yetu. Vaisi ndiyo usiifanyie ubahili. Yangu ya kwanza nilitengenezewa na fundi wa Kamukunji, chuma kizito hasa, lakini meno yake hayakubana: kila nilipokaza uzi, ndoana iliinama kama mtu anayesinzia kwenye matatu. Bobini nayo ina ujanja wake. Uzi ukikatikakatika bila sababu, usijilaumu kabla hujachungulia mdomo wa kile kibomba uzi unapopitia. Kuna za bei rahisi ambazo mdomo wake una makali. Pitisha kijipamba hapo. Kikinasa, hiyo bobini ni mkasi mwingine. Na waya wa shaba tunaoufunga kwenye flai usiukate kwa ncha ya mkasi, ukate kule nyuma karibu na kiungo.

Namba za ndoana zinakwenda kinyume: 8 ni kubwa kuliko 14. Anza na 8 au 10 yenye shina refu, yaani ile sehemu iliyonyooka. Wengi hukimbilia zile ndogo kwa sababu zinapendeza, halafu wiki ya pili wameshaacha. Na kabla ya kuanza, bana kile kijino cha ndani kwa koleo kilale. Siku itakapokuingia kidoleni, na itakuingia, utachomoa bila kwenda kliniki.

Siku ya kwanza usifunge flai yoyote. Funga uzi mtupu. Uanzishe karibu na jicho, uzungushe kurudi nyuma, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, hadi mahali ndoana inapoanza kupinda. Kisha vuta mpaka ukatike. Anza tena, vuta tena. Baada ya mara kumi hivi mkono unajifunza pale uzi unapoanza kulalamika, na hapo ndipo unapotakiwa kufanyia kazi siku zote, hatua moja kabla ya kukatika. Anayefunga kwa kulegeza, flai yake inazunguka kwenye shina samaki wa kwanza akiigusa. Uzi wa kufanyia mazoezi waweza kununua kwenye maduka ya mafundi cherehani wa Biashara Street. Ni mnene kidogo ila kwa namba 8 unatosha. Ukinunua ule wa kazi yenyewe, chukua 6/0, yaani sufuri sita. Sufuri zikiongezeka, uzi unazidi kuwa mwembamba.

Sasa manyoya, ambayo ndiyo yaliyonipotezea pesa nyingi. Kuku wamejaa Nairobi, lakini broila hakufai. Huchinjwa akiwa bado kifaranga mkubwa, manyoya yake ni malaini, meupe, hayana uti imara. Unachotaka ni jogoo wa kienyeji aliyekomaa, yule ambaye nyama yake inachemshwa mpaka gesi inaisha. Manyoya ya shingo yake ni membamba, yanang'aa, na vijinywele vyake ni vigumu, kwa hiyo yanafaa flai inayoelea. Ya tetea ni laini na hunywa maji, hayo ni ya flai inayozama. Nenda kwa mchinjaji mapema umwambie akuchunie ngozi ya shingo kabla hajamtumbukiza jogoo kwenye maji moto. Ukichelewa hata dakika moja, utapewa kitu kama tambara la deki.

Ukifika nyumbani, kwangua mafuta yote kwenye ngozi, osha kwa sabuni, itandaze juu ya kadibodi, nyunyiza chumvi upande wa ngozi, ikauke kivulini. Halafu, tafadhali, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa uiweke kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuichanganya na nyingine. Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na boksi la viatu lenye shingo sita, mbili za rangi ya asali ambazo sijapata tena. Nilipolifungua baada ya mvua za Aprili nilikuta vumbi, uti mtupu, na nondo mmoja aliyeruka taratibu kama mgeni anayeaga baada ya kushiba.

Utasikia watu wakitaja manyoya ya marabu. Jina limetokana na korongo mfukoshingo, hao unaowaona wamekaa juu ya miti karibu na Nyayo Stadium kama wazee wa baraza. Usiende kuokota chini ya miti ile. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mambo ya wanyamapori si ya kuchezea. Isitoshe, yanayouzwa siku hizi kwa jina hilo ni manyoya laini ya bata mzinga. Kwa sufu ya mwili, tafuta sweta kuukuu Gikomba, ifumue. Waya mwembamba wa shaba unatoka kwenye mota iliyoungua. Fundi wa kusuka mota atakupa bure ukimsalimia vizuri.

Flai ya kujifunzia iwe moja tu. Mimi nasema Woolly Bugger nyeusi, kwa sababu ni kubwa, husamehe makosa, na samaki huila. Funga mkia wa marabu, urefu sawa na shina la ndoana. Unapoweka kitu chochote, kibane kwa kidole gumba na cha shahada pamoja na shina lenyewe, pitisha uzi kati ya vidole, ndipo uvute. Usipobana, uzi utakisukuma mpaka upande wa pili. Palepale nyuma funga waya na uzi wa sufu. Zungusha sufu kuja mbele, simama kabla ya kufika kwenye jicho. Funga unyoya wa jogoo hapo mbele, uzungushe kurudi nyuma kwa nafasi, kisha leta waya mbele kwa mzunguko wa kinyume ili uukandamize. Ukiushika unyoya kando ya ndoana ili upime, vijinywele vyake viwe kama mara moja na nusu ya mwanya wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na shina. Vikizidi, flai inafanana na brashi ya chooni.

Na hapo kwenye "simama kabla ya kufika kwenye jicho" ndipo tunapoangukia wote. Kila kitu unachofunga kinakula nafasi kidogo, halafu mwisho unagundua kichwa hakina pa kukaa, unaanza kurundika uzi juu ya jicho. Dawa niliyofundishwa ni hii: tangu uzi wa kwanza, acha chuma kitupu nyuma ya jicho, upana kama wa jicho lenyewe. Kisiguswe na chochote mpaka mwisho. Kikipotea katikati ya kazi, fumua urudi nyuma. Kichwa kikikaa, malizia kwa fundo la mizunguko mitano, dondosha vanishi kwa ncha ya sindano, na upitishe unyoya chakavu ndani ya jicho kabla haijakauka.

Ukitaka kuuza, jua kwamba mnunuzi hatazami flai moja. Kuna mmoja, simtaji, aliwahi kunirudishia dazeni nne ambazo kila flai ilikuwa safi kabisa ukiishika peke yake. Alizipanga juu ya karatasi nyeupe na mikia ikawa kama foleni ya watoto wa shule, mrefu, mfupi, mrefu. Nilimkasirikia wiki nzima. Tangu siku hiyo napima kila mkia kwa kijiti kimoja cha kiberiti nilichokikata.

Zilizoharibika usizitupe, maana gharama iko kwenye ndoana. Pasua kwa wembe kwa juu, ukifuata shina, kila kitu kinabanduka kama ganda. Ile dazeni yangu ya kwanza niliipasua yote kesho yake asubuhi nikaifunga upya. Shosho alipitisha nailoni kwenye macho kumi na mawili, moja baada ya jingine, bila neno. Kisha akavua miwani. "Vichwa sawa," akasema. "Lakini hawa ni wadudu au ni farasi? Mikia gani hii?"