Barua kwa mwanangu: hesabu kabla ya kugeuza

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na picha nimeiona. Umeniuliza jambo moja tu: "Mama, nifumue safu zote 22 au niliache shali lilivyo?" Nimeikuza ile picha nikawa nahesabu matundu moja moja kwa ncha ya sindano. Kosa haliko pale unapolitafuta. Unasema wimbi la 10 lilikuja pungufu kitanzi kimoja, ukaongeza kimoja pembeni ili vitanzi 60 vya safu vitimie. Wimbi la 10 halina kosa. Rudi wimbi la 9, fungu la katikati: matundu ni matano, na yanatakiwa yawe sita. Ulisahau mara moja kuzungusha uzi kwenye sindano, na mzunguko huo ndio unaotoa tundu na kuongeza kitanzi. Safu ikaisha na vitanzi 59, ukageuza bila kuhesabu. Mwanangu, hesabu kabla ya kugeuza. Nimelisema hilo tangu sindano zinakuzidi urefu wa mkono.

Mtindo huu wa mawimbi, ambao watu wa visiwa vya Shetland huko Uskoti wanauita Old Shale, nilikuchagulia kwa sababu katika safu 4 za kila wimbi, 3 hazina kazi yoyote. Ya kwanza vitanzi vya kawaida, ya pili vya kinyume, na ya nne, ukiwa upande wa ndani, vya kawaida tena. Hiyo ndiyo inayoacha ule mgongo unaousikia ukipitisha kidole. Shughuli yote iko safu ya 3. Kila fungu lina vitanzi 18: fuma viwili pamoja mara 3, kisha zungusha uzi, fuma kimoja, zungusha, fuma kimoja, hadi zitimie mara 6, kisha viwili pamoja mara 3 tena. Umepunguza 6, umeongeza 6, umebaki na 18 zako. Mafungu 3 ni 54, na vile vitatu vya pembeni kila upande vinavyofumwa kawaida safu zote ndivyo vinavyoleta 60. Penye matundu safu inapanda, penye kupunguza inashuka, na wimbi linajitengeneza lenyewe.

Kwa hiyo mzunguko mmoja ukisahaulika, fungu lile linabaki na 17, na safu ya 3 inayofuata inaazima kimoja kutoka fungu la jirani. Ndiyo maana toka wimbi la 10 kwenda juu, kuanzia pale katikati hadi ukingo wa kushoto, matundu yako yamesogea kitanzi kimoja. Kile ulichoongeza pembeni kimerudisha idadi, hakikurudisha mpangilio.

Ungehesabu palepale, kazi ingekuwa ndogo mno. Ukifuma safu ya 4 na kufika penye pengo, unachomeka sindano ya kushoto kutoka mbele kwenda nyuma chini ya ule uzi unaounganisha vitanzi viwili, unauinua, unaufuma kwa mguu wake wa mbele. Tundu linatoka dogo kidogo kuliko wenzake, lakini linatoka. Usiufume kwa mguu wa nyuma, utajisokota na tundu litaziba. Na ukizungusha uzi, uanze kuuleta mbele kati ya sindano mbili, uvuke juu ya sindano ya kulia, urudi nyuma. Ukiuzungusha kinyume, kitanzi kinakaa kimegeuka, na ukikifuma kama kawaida tundu linajibana. Nimeona wimbi lako la 2 lina matundu mawili ya namna hiyo, ila hayo hayajaharibu hesabu.

Sasa swali lako. Kusema kweli mkono unaniwasha. Lakini nakumbuka kile kipande cha rangi ya maziwa, nawe unakikumbuka, ingawa hatukizungumzi. Ulikuwa umefika wimbi la 6, na katika la 6 ulipitiwa mizunguko miwili. Ulipolala nikalifumua wimbi lile, nikalifuma upya, nikakirudisha kikapuni kama nilivyokikuta. Nilijua hutatambua, kwa kuwa hesabu ilikuwa kamili. Asubuhi ulikishika mara moja tu ukasema, "Hili si langu." Mkono wako unalegeza uzi, wangu unabana, kwa sindano zilezile na uzi uleule matundu yangu ni madogo. Ukaweka sindano chini, na baba yako akanitazama bila kusema neno. Ilipita miaka mingapi hujazigusa? Sitaki kuihesabu.

Basi nifanyeje? Niseme fumua, maana jicho likishaona kasoro haliachi kuiona? Lakini si kweli. Shali likikunjwa begani nani atahesabu matundu ya wimbi la 9? Tena mzunguko uliosahaulika hauna hatari: hakuna kitanzi kilichoachwa wazi, kwa hiyo hakuna kitakachoporomoka. Kingekuwa kitanzi kilichodondoka, nisingebembeleza. Hicho huteremka safu kwa safu mpaka chini, na lazima kishikwe. Hiki chako kinaweza kukaa miaka hamsini. Ila ni safu 22 tu, na shali ndiyo kwanza halijafika nusu... Hapana. Nanyamaza. Uamuzi ni wako, na safari hii simgusi mtu kikapu chake.

Ukifumua, usivute sindano kwanza, tafadhali. Chukua sindano nyembamba, ya milimita 3, uichomeke katika safu ya 1 ya wimbi la 9, mguu wa kulia wa kila kitanzi, mpaka upate 60. Safu ile haina matundu, ndiyo maana ni rahisi kuifuata. Hapo ndipo uchomoe sindano ya juu na kuvuta uzi taratibu; utasimama wenyewe kwenye ile nyembamba. Kisha hamia kwenye sindano zako za milimita 5, fuma safu ya 2 upya, uendelee. Uzi utakuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Usiufume hivyo: uzungushe uwe shada, uloweshe, utundike ukauke. Na toka hapo, kila mwisho wa safu ya 2, pitisha uzi mwembamba wa pamba katika vitanzi vyote 60 kwa sindano ya kushonea, ili kosa lijalo lisikurudishe mbali kuliko hapo.

Ukiacha, usijaribu kurudisha mpangilio kwa nguvu katika wimbi la 15. Kuruka kwa mara ya pili kutaonekana kuliko hii ya kwanza. Endelea ulivyosogea, na mwisho funga vitanzi kwa sindano nene zaidi, milimita 6, maana ukingo uliobanwa hauwezi kufuata wimbi. Kulowesha ni dakika 20, maji ya vuguvugu, bila kusugua, maana sufu ikisuguliwa hushikana. Likamue ndani ya taulo, kisha litandaze, ulipigie pini ukianza na vilele vya mawimbi. Kuna sehemu ya msogeo huo itakayonyooka hapo.

Kipande cha rangi ya maziwa ninacho bado, chini ya sanduku la nyuzi. Juzi nilikitoa. Kidole changu kidogo kinapita katika matundu ya wimbi la 5. Katika la 6 hakipiti.

Mama yako